Komeo la Friji

Mtaani walimwita Hashindwi. Alikuwa fundi wa mafriji, na wenzake wakisema kitu kimekufa, yeye hukifufua. Dada yake alipolalamika kwamba mlango wa friji lake unaachia wenyewe na maziwa yanachacha, alifika siku hiyohiyo na mfuko wake wa vifaa.

Mpira unaozunguka mlango ulikuwa umekauka na kupasuka. Alikwenda kwa mama muuza spea, akaambiwa mpya utafika baada ya wiki mbili.

"Subiri tu, fundi."

"Wiki mbili zote dada anywe maziwa yaliyochacha? Nitafanya njia yangu."

Akanunua komeo la chuma lenye springi, lile linalojibana lenyewe ukisukuma mlango. Akatoboa bati, akakaza skrubu nne, akausukuma. Ta! Mpwa wake wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuongea, alifungua na kufunga mpaka akakemewa.

"Mjomba, friji letu lina geti!"

Majirani wawili wakaona, wakataka nao. Bibi mmoja wa mtaa wa pili pia. Wote akawafungia makomeo.

Mwaka uliofuata mota ya friji la dada iliungua. Dada akatoa rafu, akalisukuma friji hadi baraza ya nyuma kusubiri wanunuzi wa vyuma chakavu. Mlango aliuacha wazi ili lisinuke.

Jumamosi moja asubuhi watoto walicheza kujificha. Wengine walipatikana. Saa sita Chiriku akaitwa kula, kimya. Walimtafuta kwa majirani, uvunguni, mtaroni. Hashindwi alipigiwa simu, akaja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Alipita baraza ya nyuma mara mbili. Mara ya tatu ndipo alipoona mlango umefungwa na komeo limebana.

Alifungua yeye.

Siku ya pili ya msiba, mama muuza spea alimvuta kando, nyuma ya viti vya wanaume.

"Fundi, unajua kwa nini friji halitoki kiwandani na komeo?"

"Kwa sababu lina sumaku ndani ya mpira."

"Na kwa nini sumaku?"

 Miaka kumi na tisa alikuwa akibadilisha mipira hiyo bila kujiuliza.

"Zamani yalikuwa na makomeo," mama yule alisema polepole. "Watoto wakaingia ndani, wakafia humo. Ndipo viwanda vikaficha sumaku kwenye mpira. Inashika mlango, lakini mtoto akisukuma kutoka ndani, unaachia."

Hashindwi alikaa chini palepale, kwenye udongo.

Baada ya mazishi alichukua bisibisi, akaenda kwa wale watatu. Majirani wawili hawakubisha. Bibi wa mtaa wa pili alisimama mbele ya friji lake, mikono kiunoni.

"Mimi naishi peke yangu. Nani ataingia humo, panya?"

"Wajukuu huja likizo, bibi."

"Wana akili zao hao."

"Na yule alikuwa nazo."

Bibi akapisha. Fundi alipomaliza, friji lilibaki na matundu manne na mlango usioshika, akaufunga kwa kitambaa chenye fundo legevu, la kuachia mlango ukisukumwa kutoka ndani. Kesho yake aliagiza mipira mitatu.

Kwa dada yake alikwenda mwisho. Alimkuta anakunja nguo ndogo na kuzipanga kwenye sanduku. Alimweleza yote, sumaku na komeo, bila kujitetea.

Dada aliendelea kukunja. "Mimi ndiye niliyekuita uje," alisema.

"Lakini mimi ndiye fundi."

 Dada akamsogezea lundo moja. Kaka yake akaketi, akaanza kukunja naye, vibaya, na kila aliyoikunja, dada aliichukua, akaikunjua, akaikunja upya. Walifanya hivyo mpaka lundo likaisha. Dada akafunga sanduku, akamwambia aende nyumbani, na asirudi mpaka atakapomwita. Hadi leo hajamwita.