Tutaanza Jumatatu

Juu ya kitanda cha binti wa fundi cherehani palibandikwa ratiba ya kujisomea iliyopendeza kuliko gauni la harusi. Ilikuwa karatasi nzima ya manila, mistari imenyooka, kila somo na rangi yake: fizikia bluu, biolojia kijani, hisabati nyekundu kwa sababu ya hatari, na kemia zambarau kwa kuwa ndiyo rangi iliyobaki. Shangazi alipokuja kuwatembelea alisimama mbele yake, akatikisa kichwa, akaipiga picha awaonyeshe watoto wake wavivu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ratiba ile ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba mwenyewe hakuwahi kuifuata hata siku moja.

Wala binti hakuwa mvivu. Mvivu angelala zake. Huyu alihangaika mpaka anatia huruma. Siku ya kuanza ratiba mpya aliamka alfajiri, akafagia chumba, akachonga penseli zote, akayavalisha madaftari majalada, akapangusa meza mara mbili. Alipotoka shule alikuwa tayari kabisa kwa saa kumi na moja jioni, saa ya kemia. Ikagonga saa kumi na moja. Kufika saa kumi na moja na dakika nane bado alikuwa anatafuta rula ya kupigia mstari chini ya kichwa cha habari. Basi tena! Kwa sheria aliyojitungia, ratiba ikivunjwa, hata kwa dakika nane, haiungwi. Kusoma huwezi kuanzia katikati kama mtu anayedandia gari. Ilibidi atengeneze nyingine, aone alipokosea, halafu aanze upya Jumatatu.

Muhula ule ulikuwa na Jumatatu kumi na mbili, na alianza zote.

Shuleni walimwita Bi Ratiba, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa kidato cha mwisho, mkondo wa sayansi, na alitaka kuwa mfamasia. Aliwahi kuingia duka la dawa akaona chupa zimepangwa kwa herufi, kila moja na lebo yake, akajua hapa ndipo pake. Kati yake na zile chupa ilisimama kemia. Shule ilishatangaza kwamba atakayepata chini ya alama arobaini za kemia katika mtihani wa majaribio ataondolewa mkondo wa sayansi. Akiondolewa, duka la dawa angeliingia kama mteja tu, na homa yake mkononi. Jambo hilo alilijua, lilimnyima raha, na kila lilipomnyima raha alichukua manila nyingine.

Dawati moja alikaa na kijana waliyemwita Kobe, kwa sababu alisoma sentensi moja mara tatu kabla ya kukubali kuiacha. Siku moja Kobe alimwomba amtengenezee ratiba.

"Yako naiogopa," alisema. "Nipe ya kawaida."

Bi Ratiba akachana ukurasa wa daftari, akamwandikia kwa kalamu moja, haraka haraka, huku anakula karanga. Hata hakuikagua. Wiki tatu baadaye Kobe alirudi na karatasi imekunjika na kupata doa la mafuta.

"Dada, samahani. Humu hukuandika saa ya kula chakula cha jioni. Nimekuwa nakula huku nasoma. Ni sawa?"

"Kwani unaifuata?"

"Si uliniandikia?"

"Hujawahi kukosa hata saa moja?"

"Nimekosa nyingi tu. Jumanne nilitumwa, Alhamisi nilisinzia. Nikiamka naendelea na inayofuata."

"Kobe! Huwezi kuendelea! Ukishakosa moja, yote imekufa. Unatakiwa uanze upya Jumatatu."

Kobe akafikiri, kwa mwendo wake. "Jumatatu mbali," akasema, akaenda zake. Bi Ratiba alimwonea huruma sana.

Mtihani ukaja, ukafanyika, ukaenda kusahihishwa shule nyingine. Majibu yalirudi katika bahasha asubuhi ya siku ya kikao cha wazazi. Mwalimu wa taaluma, ambaye mitihani na maendeleo yote ya wanafunzi yako chini yake, alikuwa mtu wa mambo makubwa. Aliifungua bahasha, akaona juu kabisa ya orodha ya kemia jina la Kobe, alama sabini na moja, akaruka na kiti. Kobe! Akamwita ofisini, akamuuliza siri. Kobe, ambaye hakuwa na siri, akatoa ile karatasi yenye doa.

"Nani kaiandika?"

"Bi Ratiba, mwalimu."

Mwalimu hakusoma tena orodha. Aliyaona yote kichwani: mpango, mafanikio, barua kwa ofisi ya elimu. Kufika saa nne karatasi ya Kobe ilikuwa imetolewa fotokopi mia mbili, doa likiwemo, na barua imeshakwenda. Saa tano ukumbi ulijaa wazazi, na Bi Ratiba aliitwa mbele kama bibi harusi.

"Wazazi," mwalimu alisema, "mnatafuta nidhamu ya kujisomea? Nidhamu hii hapa, imesimama kwa miguu miwili!"

Makofi. Bi Ratiba aliangalia viatu vyake. Alikuwa ameiona ile karatasi ya mtihani, na alikumbuka swali la kwanza lilivyomtazama naye akalitazama, kama watu wasiojuana waliokutana mlangoni. Alitaka kusema neno. Lakini ukishapigiwa makofi mdomo unakuwa mzito, na kabla hajaufungua, mama yake alikuwa ameinuka mstari wa tatu.

Fundi cherehani hakuwa amezoea kusema mbele ya watu. Alishika kamba ya kupimia iliyomning'inia shingoni, ambayo alisahau kuivua.

"Mwalimu, mimi ni shahidi," alisema. "Darasa langu ni dogo, ila ratiba ya mwanangu naijua kwa moyo. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na moja mpaka saa moja, kemia. Muda huo cherehani langu nalisimamisha, maana lina kelele. Nakaa nashona vifungo na pindo kwa mkono. Wateja wananisema nguo zinachelewa. Nawaambia, nyie subirini, kuna mfamasia anasoma humu ndani."

Ukumbi ulilipuka. Mzazi mmoja alifuta machozi. Bi Ratiba alipatwa na aibu ambayo hakuwahi kuionja. Muhula mzima alisikia cherehani likinyamaza jioni, akadhani mama amechoka. Nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyeifuata ratiba, naye hakuwa na mtihani.

Mwalimu, kwa furaha, akaamua kusoma majibu hapo hapo. Alianza na Kobe kwa sauti ya mnada. Akashuka. Majina yakaenda, alama zikapungua, na sauti yake nayo. Alipofika jina la tatu kutoka chini, likawa la Bi Ratiba. Akasogeza karatasi mbali na macho, kisha karibu.

"Kumi na saba," alisema taratibu. Halafu akapata nguvu: "Mganga hajigangi, wazazi! Tuendelee!"

Waliendelea. Waliopata chini ya arobaini walipewa nafasi moja ya marudio baada ya wiki mbili. Atakayeanguka tena, mkondo wa sayansi kwaheri.

Walipofika nyumbani jioni, mama alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akamtazama binti yake.

"Ile saa ya kemia. Ulikuwa unafanya nini mle chumbani?"

Angeweza kudanganya. Alimwangalia mama, vidole vilivyochomwachomwa na sindano, akashindwa.

"Nilikuwa natengeneza ratiba, mama."

"Kila siku?"

"Ikiharibika natengeneza nyingine."

Mama aliivua ile kamba ya kupimia shingoni. "Kwa hiyo mimi nilinyamazisha kazi yangu," alisema, "ili wewe upige mistari." Hakupandisha sauti, na binti alitamani kama angeipandisha. Alilia kilio cha kweli, cha kuvuta kamasi, akaapa kwamba ameelewa, amejirekebisha, na Jumatatu hii—

"Leo siku gani?"

"Ijumaa, mama."

"Basi soma Ijumaa. Lete kitabu hapa."

"Hapa? Kuna kelele."

"Kimya nilikupa muhula mzima. Ulikifanyia nini?"

Binti akaleta kitabu. Mama alikanyaga cherehani, na kwa kishindo kile, katikati ya vipande vya sare za watu, Bi Ratiba akafungua sura ya moli, kile kipimo cha kemia, saa kumi na moja na dakika ishirini na tatu, wakati ambao kwa sheria yake ulikuwa umeshakufa. Ukurasa wa kwanza ulimchukua nusu saa. Mara tatu mkono uliitafuta rula wenyewe. Mara ya tatu mama, bila kuinua macho, aliichukua rula akaanza kuchorea nayo kola.

Siku ya pili alisoma kwa saa moja nzima. Siku ya tatu alitumwa sokoni, akasinzia, hakusoma kitu. Usiku huo alingojea mbingu ianguke. Haikuanguka. Siku ya nne akaendelea pale alipoachia, akashangaa kwamba kitabu kilimpokea bila kinyongo. Palipomshinda alimfuata Kobe, na Kobe alimweleza mara tatu, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kueleza. Haikuwa raha hata kidogo. Zambarau ilikuwa raha. Hii ilikuwa kama kufumua nguo uliyoishona vibaya, uzi mmoja mmoja, na mwenye nguo yuko mlangoni anasubiri.

Mtihani wa marudio alipata arobaini na tatu. Aliiangalia alama ile kama mtu aliyempata mtoto wake aliyepotea sokoni. Alibaki sayansi.

Lilibaki jambo moja la kiofisi. Barua ya mwalimu ilikuwa imejibiwa kwa pongezi, na jambo likishapongezwa na ofisi halirudi nyuma. Sasa kila mtahiniwa alitakiwa kuonyesha ratiba yake, imesainiwa na mzazi.

"Ratiba yako?" mwalimu wa taaluma aliuliza.

"Sina, mwalimu."

"Huna? Umesomaje sasa?"

"Nilikuwa nafungua kitabu tu."

Mwalimu alimtazama kwa masikitiko ya mzazi. Akachukua fomu ya maendeleo, akaandika kwa mwandiko mzuri, akagonga mhuri, akampa apeleke nyumbani. Jioni Bi Ratiba aliisoma kwa sauti juu ya kelele za cherehani:

"Kemia, arobaini na tatu. Amefaulu kwa bahati. Mwanafunzi huyu hana nidhamu ya kujisomea. Mzazi amtafutie mtu wa kumfundisha kutengeneza ratiba."

Mama alisimamisha cherehani. Alitoa pini zote mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa ili zisimwingie kooni, ndipo akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.