Kilindi Kilichofungwa

Nahodha alikuwa ameanza kumpelekea Archange kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomtisha Adolphine kuliko mawimbi, kuliko baridi, kuliko vile vilima vya barafu ambavyo mwanawe Archange alimtumia picha zake kwenye simu. Mkubwa mzima wa meli, mwenye wapishi wake, anabeba kikombe na kwenda kugonga mlango wa kijana wa Kindu, Kongo! Adolphine alikuwa ameona vita. Alijua kwamba mkubwa akiwa mpole ghafla kuna kitu anakitaka, na ukimnyima atakichukua pamoja na wewe.

"Jana aliniuliza tena, Mama," sauti ya Archange ilisema ndani ya simu, "kama uko na batoto bengine. Nikamujibu hapana, njo mimi peke yangu. Akasema, basi mama yako anakuhitaji sana. Akacheka, akaenda."

Ujumbe huo wa sauti ulimkuta sokoni, mbele ya meza yake ya makayabo, samaki wa chumvi wa baharini, jua la mchana likichoma. Aliusikiliza tena na tena, mpaka mteja aliyekuwa akingoja kipande cha samaki akachoka na kwenda zake.

Archange hakuwa mvuvi. Alisomea mambo ya samaki Kisangani, akaenda kutafuta maisha Cape Town, kule Afrika ya Kusini, akalinda magari ya watu barabarani hadi alipopata mafunzo na kazi ya uangalizi. Alipanda meli za uvuvi zinazoshuka mpaka bahari ya barafu, chini kabisa ya dunia, akaandika wanavua nini, wapi na kiasi gani. Sijui nani alibuni kazi ya namna hiyo. Unakula chakula cha mtu na kulala kwake huku ukimwandikia makosa yake, na ukigombana naye huna pa kutokea, kwa maana nje ni maji matupu.

Kule kuna samaki aitwaye légine, mkubwa, wa kilindini, asiye na haraka ya kukua. Mtoto wa mtu ataanza shule na kuimaliza, naye légine wa umri wake bado hajataga yai. Ndiyo maana nchi nyingi zilikubaliana kufunga sehemu fulani za bahari ile ili azae kwa amani. Zamani barafu yenyewe ilisaidia kulinda, maana iliziba njia na meli hazikupita. Siku hizi dunia ina homa, barafu inarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na ghuba moja iliyokuwa imezibwa ikabaki wazi. Nahodha alizima chombo kinachoonyesha meli iko wapi, akaingia humo na kutupa kamba zake za ndoano. Sasa alimtaka Archange asaini kwamba walivua mahali pengine.

"Nikisaini, minakuwa muongo," Archange aliendelea katika ujumbe wake. "Nikikataa, Mama... huku muntu akianguka, maji haimupe hata nafasi ya kuita. Banasema mwenzangu mumoja wa kazi hii alianguka, meli ingine. Hakuna mwenye aliona. Basi njo maana ninawaza."

Anawaza! Adolphine hakutaka awaze. Kuwaza ndiko kulikomfanya mjane.

Mchana wote alimtumia maneno ya kila aina: saini, mwanangu; saini urudi; samaki hawana ndugu wa kukulilia. Archange hakujibu lolote kati ya hayo. Basi akamgeukia Rachida, jirani yake wa mtaa wa Alunguli tangu miaka ya vita, ambaye meza yake ya mafuta ya mawese ilikuwa ubavuni mwa yake.

"Nitamwambia habari ya papa yake, marehemu mume wangu."

Rachida alikuwa akimimina mafuta chupani. Aliinua galoni, akaliweka chini. "Ile gani?"

"Ile ya kweli."

"Mama Archange, ulimwambia mutumbwi ulipinduka. Uache tu paka vile."

"Lazima aogope. Haogopi ya kutosha."

"Mutoto wa nyoka ni nyoka," Rachida alisema taratibu. "Weye unafikiri utamwogopesha. Mi najua damu ile. Maneno ikitoka kwa kinywa, hairudi."

Adolphine hakumsikiliza. Hofu ina masikio madogo. Alikwenda kuketi nyuma ya maghala ya bandarini, mahali pasipo kelele, akabonyeza simu na kuanza kusema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa sauti tangu mwaka 2002.

Mwaka ule Kindu ilizingirwa. Mjini walikuwa askari, porini walikuwa wale waliopigana nao, na katikati walikuwa raia waliokula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta wala chumvi. Aliyethubutu kwenda shambani hakurudi. Ulibaki mto Lualaba peke yake, na njaa ilipowafikia hata askari, nao wakaukodolea macho.

Chini ya Alunguli, nyuma ya kisiwa kidogo, palikuwa na kilindi ambamo samaki hukusanyika kutaga Lualaba inapoanza kujaa. Wavuvi walikuwa na desturi ya kukifunga. Walisimika mti, wakaufunga majani ya mchikichi, na hakuna aliyetupa wavu pale mpaka majani yamekauka na kuanguka yenyewe. Kila mwaka walimchagua mmoja wao kuulinda mti huo. Mwaka wa njaa mlinzi alikuwa Godefroid, mume wa Adolphine. Archange alikuwa bado anabebwa mgongoni.

"Askari balikuya na grenade, bomu ya kurusha mu maji," Adolphine aliiambia simu. "Baliuliza samaki iko wapi. Bavuvi bote balinyamaza, balimwangalia paka yeye tu, papa yako. Angenyamaza na yeye, bangetafuta, bangechoka. Lakini papa yako alifungua kinywa. Akasema, samaki iko na mayai, muache kwanza izae, mwaka kesho tutakula nini? Komanda akacheka. Akasema, kuya basi utuonyeshe hiyo mayai. Bakamupakia mu mutumbwi."

Alitazama nyuma kama kuna anayesikiliza, akaendelea.

"Tulisikia mulio. Mutumbwi ulirudia umejaa samaki. Papa yako hakurudia. Na jioni komanda alinitumia beseni ya samaki, ndani ya nyumba, eti pole. Zote na mayai ndani ya tumbo. Tangu siku ile sijagusa samaki ya Lualaba, weye uliwaza ni sababu ya biashara ya makayabo. Alikufa bure, Archange. Samaki ilikufa na yeye akakufa. Kwa hiyo unyamaze. Usaini. Nakuomba kwa maziwa yangu uliyonyonya."

Akautuma ujumbe. Alijipangusa uso kwa kitambaa cha kichwani, na kwa mara ya kwanza siku ile akahisi amefanya jambo la maana.

Mara tu baada ya hapo mtandao ukakatika. Kindu nzima watu waliinua simu juu kana kwamba wanaanika nguo, lakini wapi. Kesho yake haukurudi. Adolphine alikwenda sokoni na kurudi nyumbani, simu mkononi. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: kila mtu aliyemjia kwa hatua za haraka alimwona kama mleta msiba. Alikata makayabo akajikata kidole. Rachida alikifunga kile kidole kwa kitambaa, akamkatia makayabo yaliyobaki, na huo ulikuwa wema mkubwa.

Siku ya tatu, mtandao uliporudi, simu ililia mara mbili. Jumbe mbili za Archange zilikuwa zimefika pamoja. Adolphine alifungua wa kwanza, Rachida akiinama karibu.

"Mama, usiogope tena," Archange alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu na aibu. "Sijapata bado audio yako ya sasa hivi, iko nzito, inakataa kufunguka. Lakini nimeamua. Nitasaini vile banataka. Kesho tunaanza kurudia Cape Town. Mi si muntu wa nguvu, Mama. Nataka nikuone."

Adolphine alipiga goti palepale kati ya meza mbili. Alicheka, akalia, akamshika Rachida mabega na kumtikisa. "Atasaini. Anarudia. Umesikia? Anarudia." Rachida naye alitabasamu, akashukuru Mungu. Kisha macho yake yakaenda kwenye simu.

"Kuko ingine," alisema.

Adolphine akaubonyeza, furaha bado imemjaa kifuani.

"Mama." Archange alikuwa mwingine sasa. Sauti ilikuwa imesimama wima. "Nimesikia. Nimeisikiliza yote, nikailia. Miaka yote nilijua mi ni mutoto tu wa muntu mwenye alizama. Asante kunipa papa yangu. Nimeenda kwa capitaine wa meli, nimemurudishia karatasi yake, sikusaini. Na ripoti ya kweli nimeituma Cape Town, mbele ya macho yake. Nimemwambia vile Papa alisema: muache kwanza izae. Hakukasirika, Mama. Alinyamaza tu. Usi..."

Ndani ya ujumbe mlango uligongwa, taratibu, mara mbili. Sauti ya mwanaume ilisema neno moja la kizungu, kwa upole sana, na kijiko kikagusa ukingo wa kikombe.

"Nakuya," Archange alimjibu mtu huyo, na kiti kikaburuzwa.

Adolphine aliishika simu kwa mikono miwili, akaiweka karibu na midomo.

"Usifungue," alimwambia. "Archange, usifungue."

Lakini ujumbe ulikuwa wa jana.