Theluji Iliyochelewa

Watu wetu hawatangazi msiba kwenye simu. Aliye mbali hufichwa mpaka afike, apokewe, aketishwe, alishwe, ndipo mzee mmoja akohoe na kulitoa neno. Huo ndio utu, tunasema, na Leokadia hakuwahi kuutilia shaka hadi Juni ile ya mwaka tisini na tisa.

Mumewe, Dunstan, alikuwa Alaska, kwenye milima isiyoota mti, akichunguza ndege wanaotaga chini kwenye baridi. Leokadia alibaki Gaithersburg, Maryland, na binti yao, Queen. Jumatatu moja ikaingia simu kutoka Bukoba: mama yake Dunstan amefariki. Jioni sebule ilijaa watu, na Mzee Gervas, ambaye bila yeye hakuna Mtanzania wa Maryland anayeoa wala kuzikwa, akakata shauri.

"Asiambiwe. Yuko peke yake kwenye barafu, akianguka nani atamshika? Akirudi, tutampokea."

Jumamosi mchana Dunstan akapiga kwa simu ya setilaiti, kama kawaida yake. Mzee Gervas alikuwa pale kochini na chai yake.

"Mama Queen, huku mwaka huu ni balaa," Dunstan alisema. "Theluji imegoma kuyeyuka. Ndege wamefika zamani, wamekonda, wamesongamana kwenye vipande vichache vya udongo. Mbweha keshajua pa kuwapata, anapita akichagua tu. Na wakichelewa kutaga, basi tena. Kiangazi cha huku hakimsubiri kifaranga."

"Pole, Baba Queen. Na wewe?"

"Mimi mzima. Sikiliza, kesho inakuja helikopta, ina nafasi ya mtu mmoja. Nilitaka kurudi, ila leo ng'ambo ya mto wameanza kutaga. Tunavuka juu ya theluji. Bado inashika, ingawa chini unayasikia maji yakiila." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Moyo wangu hautulii, sijui kwa nini. Kama nyumbani kuna neno niambie, nipande kesho."

Leokadia akamtazama Mzee Gervas. Mzee akatikisa kichwa.

"Huku salama," alisema.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Ah, afadhali! Basi nabaki." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Mzee Gervas akamsifu Leokadia kwa kujikaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini waliosema hivyo hawakualikwa kwenye kikao kile. Leokadia alitamani kumpigia mumewe amwambie yote, apande hiyo helikopta, lakini simu ya kule milimani ilizimwa kutunza betri. Ilikuwa ya kupiga tu. Wiki nzima aliyasikia maji: kwenye bomba la jikoni, kwenye mtaro wa barabarani, hata kwenye mashine ya kufulia. Aliogopa, na akaona aibu kwa kuogopa.

Jumamosi iliyofuata alikuwa zamu hospitalini. Alimwachia Goretti, jirani yake Mrundi, mtoto na simu, akimsisitiza Baba Queen akipiga amwambie asikate mpaka yeye arudi. Zamu ilipokwisha akalikimbiza gari kwenye barabara kuu ya I-270 kama aliyefukuzwa. Alipokata kona ya nyumbani akakuta magari ya watu yamejipanga mpaka mlangoni kwa jirani. Kibarazani kulikuwa na viatu vingi. Ndani, Mzee Gervas alikuwa amevaa koti, na joto lote lile.

"Dunstan amepiga?"

"Ikala kwanza, dada," Goretti alisema, akimpokea mkoba na kumwonyesha kiti. Hakumtazama usoni.

"Queen yuko wapi?"

"Tumemupeleka kwangu. Anacheza na wenzake."

Jikoni mtu akafunua sufuria, na sahani ya ndizi na nyama ikaja ikipokezwa mkono kwa mkono hadi mapajani kwake. Mzee Gervas alianza kukohoa, akajizuia.

"Kula kwanza, mwanangu."

Leokadia akaketi. Maneno hayo aliyajua. Alikuwepo yalipopangwa, palepale sebuleni, yakisubiri mtu mwingine. Akamega ndizi kidogo, akaitafuna mpaka ikawa maji mdomoni. Akamega nyingine, ndogo kuliko ya kwanza. Watu wote walikuwa wakiitazama sahani, naye akala taratibu mno, kwa maana ikiisha, mzee angesema.