Kwikwi ya Profesa

Mtafiti alikuwa akisuuza vikombe kwenye jiko dogo la idara aliposikia Profesa akimwita kwa majina yake yote matatu: lake, la baba na la babu. Akajifuta mikono kwenye sketi, akaenda.

"Naam, Profesa?"

"Sijakuita," Profesa akasema, amejishika kifua. "Nimeshikwa na kwikwi tu." Kisha akamwita tena.

Jina la babu yake hajapata kumtajia mtu pale kazini. Alirudi kwenye vikombe akiwaza, na kabla ya chakula cha mchana alishaelewa. Wiki ile makala ya kutangaza sayari mpya ilikuwa imetoka. Ni yeye aliyeikodolea macho nyota inayozungukwa na sayari hiyo miaka nenda rudi, akapima mwanga wake unavyofifia sayari inapopita mbele yake, akapiga hesabu, akaandika yote mpaka nukta ya mwisho. Makala ikatoka kwa jina la Profesa peke yake. Alipolalamika aliambiwa, "Binti, wewe bado mdogo. Zamu yako itafika." Sasa mwanafalaki yeyote, popote alipo, akiirejelea makala ile katika kazi yake, Profesa alishikwa na kwikwi, na kwikwi ilitoka na majina matatu.

Idara ilizoea upesi. Katibu muhtasi alimwekea jagi la maji mezani. Wanafunzi, ambao mwanzoni waliyaandika majina yale wakidhani ni ya nyota, wakaacha. Daktari alimchungulia kooni, akasema ndivyo inavyokuwa makala ikiwa nzuri.

Mtafiti naye akashika kalamu. Aliandika kuhusu nyota changa, nyota zinazokufa, vumbi linalozaa sayari, chochote, mradi apate pa kuirejelea makala ile. Aliisifu kazi hiyo kwa wenzake wa ng'ambo, nao wakairejelea. Akajifunza kupanga siku. Moja ya makala zake ilitoka Profesa akimzika mama mkwe. Nyingine, akimwoza binti yake. Mtafiti alikaa akinywa chai polepole, akiwazia sura ya Profesa mbele za watu. Moyo ulipoa kidogo, kisha ukawaka upya.

Marejeleo yakapanda, na Profesa akapanda nayo. Akapewa idara, halafu kitivo. Mtafiti alijua fika ni nani anayemsukuma juu, lakini alishaonja, na kuacha hakuweza.

Alasiri moja mke wa Profesa akaja ofisini kwa Mtafiti. Alikuwa amekonda.

"Mwanangu," akasema, "mimi nalala na jina lako. Akila, wewe. Akisali, wewe. Nakuomba upunguze."

"Mama, dawa anayo mwenyewe. Aliandikie jarida mistari miwili tu, aseme ile sayari ni ya nani."

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Mama yule akatazama vidole vyake. "Alisema kwikwi anaiweza."

Mtafiti akamsindikiza mpaka mlangoni, akamtakia safari njema, akarudi kuandika.

Mwaka huo Profesa akatunukiwa nishani kubwa ya wanafalaki. Mtafiti alikaa safu ya nyuma. Alikuwa amejipanga: makala zake na za marafiki zake zilitoka asubuhi ile ile. Profesa alipoanza kushukuru, majina matatu yakamtoka mfululizo mpaka mkalimani akaacha kuyatafsiri. Ukumbi ulingoja kila moja lipite, kama watu wanavyomngoja mtu amalize kukohoa. Jasho lilimtiririka, na Mtafiti alilitazama tone kwa tone.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. "Mmesikia wenyewe," akasema kwa fahari. "Hiyo ndiyo kazi inayosomwa."

Wakasimama, wakapiga makofi. Nishani ikavalishwa kwenye shingo ile ile iliyotoa majina.

Mtafiti akatoka kabla ya vinywaji. Akaketi kwenye ngazi za nje, akafungua kompyuta, akaanza makala mpya. Kabla hata ya kichwa aliandika rejeleo la kwanza, herufi kwa herufi, bila kukosea: jina la Profesa, mwaka, jina la sayari.