Kadi Zilizoamka Alfajiri

Inas Radwan hakuwa na meza. Aliandikia juu ya ubao wa kukatia mboga wa mama yake. Hakuwa na baba wa kumsemea, wala mjomba mwenye cheo. Hakuwa na subira, na hilo alilijua mwenyewe. Na zaidi ya yote, hakuwa na jibu fupi alipoulizwa chuoni anasomea nini.

Alisomea jinsi sayansi na mashine zinavyobadili maisha ya watu, na jinsi watu nao wanavyozigeuza mashine zifuate mambo yao. Ni elimu ya maana; atakayebisha na abishe. Lakini shangazi yake Tafida hakuielewa.

"Utazitengeneza hizo mashine?"

"Hapana, shangazi."

"Utaziuza?"

"Hapana."

"Basi wewe ni mtazamaji. Hata paka wetu ni mtazamaji, na hajaenda chuo."

Tasnifu yake ya uzamili ilihusu kadi ya mkate wa ruzuku, ile inayopitishwa kwenye mashine ili mtu auziwe mkate kwa bei nafuu ya serikali. Majira mawili ya baridi alisimama katika foleni ya wanawake kwenye bekari ya Haji Bayumi, hapa hapa Tanta, akisikiliza na kuuliza. Wanawake walimzoea, wakamwita daktari wa mkate, wakamtuma awashikie nafasi. Ndipo akaona jambo ambalo kila mmoja mtaani analijua na hakuna alisemaye ofisini. Watu wengi hawaji na kadi zao. Wamemwachia Haji. Yeye huzipitisha zote kwenye mashine alfajiri, kabla hata tanuri halijashika moto vizuri, kisha muuguzi, mlinzi na mjane mwenye miguu mibovu huja kuchukua mikate yao kila mtu kwa wakati wake. Sheria inakataza. Bekari ikikamatwa kwa kosa hilo hufungwa.

Msimamizi wake, Dakta Hilmi Gohar, hakuwahi kusimama katika foleni hiyo. Alikuwa na takwimu za mashine, alizopewa na ofisi ya ugavi, ile ya serikali inayosimamia mkate wa ruzuku, na takwimu zilionyesha mtaa mzima ukinunua mkate alfajiri. Akaandika makala kwamba kadi imewafundisha watu kuamka mapema, akaweka jina la Inas chini ya lake kama zawadi.

Inas alimweleza kwamba walioamka si watu, ni kadi. Dakta Hilmi alicheka kwa upole, na upole huo ndio ulimuudhi. Akasema ni dai zuri, lakini dai linataka ushahidi: bekari gani, ya nani, kadi za nani. Inas akaomba majina yafichwe, kama desturi ya utafiti ilivyo. Haiwezekani, akajibiwa, ofisi ya ugavi ilitoa takwimu kwa sharti la kupata nakala ya tasnifu, na bekari zote zitajwe. Ama ataje, ama aifute sura hiyo na kukubali ile ya watu kuamka mapema. Jopo la watahini lilikuwa linakutana mwisho wa mwezi.

Inas alitoka akitembea kwa hasira mpaka bekari. Alimsimulia Haji Bayumi yote, akitarajia atamsihi anyamaze. Mzee alipangusa unga mikononi na uso ukamng'aa.

"Mimi nimo kitabuni? Weka jina langu lote basi, na la babu yangu. Tanuri hili alilijenga yeye."

"Haji, wakilisoma watakufungia."

"Nani atafunga mkate? Andika, mwanangu. Usiniogopee kama mtoto."

Umm Nawal, yule muuguzi, aliyekuwa mbele kwenye foleni, akageuka polepole.

"Anayeogopewa si wewe, Haji. Mimi natoka zamu hospitali saa tisa alasiri. Ukifungiwa, nani ataniwekea mkate?" Kisha akamtazama Inas. "Umekula nasi, umecheka nasi. Kumbe ulikuwa unatupima?"

Inas alitaka kusema kwamba hakuwapima, kwamba anawatetea, kwamba bila sura hiyo ofisi itaendelea kuamini upuuzi. Msimamizi alitaka majina, Haji alitaka jina, na foleni ilitaka kunyamaziwa. Na wote hao walikuwa wakimngoja yeye. Alirudi nyumbani bila mkate.

Kesho yake aliandika barua kwa mkuu wa kitivo. Alisema takwimu za ofisi haziwezi kueleza alichokiona, na kwa hiyo anazitoa zote katika tasnifu, na ofisi haina tena sharti juu yake. Alichokiona kitabaki, bila jina la bekari wala mtaa. Alitaka jina lake liondolewe kwenye makala ya Dakta Hilmi. Na kama jopo halitakubali, basi wamfute kwenye orodha ya wanafunzi, kwa sababu majina hatayatoa.

Mama yake aliisoma akiwa amesimama. "Miaka yote hii, Inas," alisema.

Barua ya mkononi ingepitia kwa msimamizi kwanza, kwa hiyo alikwenda posta. Karani alimuuliza kama ni ya haraka. Akasema ni ya rejista. Akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa ngumi juu ya kaunta mpaka gundi ikashika, akaipitisha chini ya kioo. Karani akaigonga muhuri na kuitupa kapuni.