Mkono Uliotia Sahihi

Kila mtu kijijini alijua sheria: vidonge vya rangi mbili, dawa ya kuua vijidudu vya vidonda, haviuzwi bila cheti cha daktari, wala dozi haikatwi nusu. Venanti, mwenyekiti wa kamati ya afya, ndiye aliyepaswa kulikagua duka la dawa la Badru kila mwezi. Yeye alikuwa akitia sahihi daftari la ukaguzi akiwa kwake barazani, akipokea kwa Badru kopo la vidonge hivyo na kuwachanganyia kuku wake kwenye pumba ili wasiugue.

Mtoto wa Nsabimana alipokufa kwa kidonda kilichoshinda dawa ya duka hilo, Nsabimana alikwenda dukani na panga. Alivunja kabati la vioo, akamburuta Badru kwa ukosi wa shati.

"Mwache, mwanangu! Duka hili nimelikagua mimi," Venanti alisema, akijitia kati yao.

"Ulilikagua kwa macho ya kuku wako?" Nsabimana alifoka.

Panga likashuka, likagota kwenye mfupa wa mkono wa kulia wa Venanti. Damu ilirukia makopo. Watu walimpiga Nsabimana kwa magongo mpaka polisi walipomchukua, uso umevimba.

Hospitalini Kasulu jeraha lilioza. Dawa tatu zilishindwa.

"Mzee, vijidudu vimekwisha kuzizoea dawa hizi," daktari alisema. "Tuukate mkono, au uzikwe nao."

"Ndizo nilizowalisha kuku," Venanti alijibu. "Ukate."

Aliporudi, aliitisha mkutano wa kijiji, akaomba daftari. Mbele ya mama wa yule mtoto, kwa mkono wa kushoto uliobaki, alizifuta sahihi zake zote, moja baada ya nyingine.