Siku ya Kutoka Eda

Alawi alifariki kwa ajali ya lori karibu na Msata, na jioni ile ile mkewe, Shamsia, aliingizwa chumba cha nyuma akae eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila wanja wala manukato, bila kuvuka kizingiti cha nyumba. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, mtaa wa zamani wa Bagamoyo, ambako kuta zimegusana na jirani akikohoa unamsikia.

Mwezi wa pili, mdogo wake Shamsia, Twalha, alimpigia simu kutoka Kaole. Mama yao, Bi Ashura, alianguka akisuka ukili wa mkeka, na upande mmoja wa mwili umepooza.

"Anakutaja wewe tu, dada," Twalha alisema. "Mimi nikimlisha ananitazama kama mgeni."

Kaole si mbali, kwa bajaji ni mwendo mfupi tu. Shamsia alikwenda kuomba ruhusa. Bi Mwanamvua alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Nakuhurumia, mwanangu. Lakini udongo wa kaburi la Alawi haujakauka. Ukionekana barabarani watu watasema nini?"

"Mama, sheikh amesema penye dharura..."

"Sheikh hakai mtaa huu."

Mize, wifi yake, alicheka kutoka jikoni. "Tulia, wifi. Mpapai dume ukihamishiwa Kaole utazaa?"

Shamsia alirudi chumbani. Neno hilo alilizoea. Tangu aolewe alikuwa anaomba mtoto, mwaka hadi mwaka, na Alawi akiitikia amina pembeni yake. Walipomzika Alawi aliliweka ombi hilo kando, kama nguo zake zilivyogawiwa. Sasa alibaki na dua moja: Ya Rabbi, nitoe humu nimwone mama yangu akiwa hai. Baada ya kila sala alibaki kwenye mswala akisikiliza uchochoro, kana kwamba jibu litakuja na viatu. Walipita wauza samaki, wakapita watoto wa chuo cha Kurani. Halikuja.

Hedhi yake ilikuwa imekatika. Huzuni hukausha mwili, alijiambia. Mpaka mchana mmoja, akiwa bado kwenye mswala, kitu kikacheza chini ya kitovu chake, kidogo, kama dagaa aliye hai kwenye kiganja. Akatulia. Kikacheza tena.

Alilia, na hakulia kwa furaha peke yake. Eda ya mjane mwenye mimba haimaliziki kwa hesabu ya miezi. Inakwisha siku anapojifungua. Ombi la zamani lilikuwa limejibiwa, nalo limekaa mlangoni, limelizibia njia ombi jipya.

Akanyamaza. Nguo nyeupe zilikuwa pana, na hakuna aliyemtazama sana. Atatoka siku yake ikifika, atakwenda Kaole, atamshika mama yake mkono, kisha atasema. Chuoni walifundishwa kwamba mwanamke aliye katika eda hafichi kilichomo tumboni mwake. Alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana kila alipoinua mikono kuomba ilikuwa mizito, akaishusha upesi.

Siku moja kabla ya kutoka, Mize alileta kanga mpya, udi na maji ya waridi.

"Kesho utaogeshwa utoke, wifi. Mbona mashavu hayo? Wenzako eda inawakondesha."

Shamsia alijifunga mtandio vizuri. Asubuhi hiyo Twalha alikuwa amesema mama yao anafumba mdomo akiona kijiko.

Baada ya alasiri alimsikia Bi Mwanamvua ng'ambo ya ukuta. Siku zote alikuwa akiomba kimoyomoyo. Leo sauti ilitoka.

"Ya Rabbi, nilikuomba unirudishie mwanangu salama. Hukunirudishia, na sikugombi. Lakini hakuna chake ulichoniachia? Hata kitu cha kupakata?" Shanga za tasbihi yake zikagongana. "Haya. Nangoja."

Shamsia alimfikiria mama yake na kile kijiko. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Kisha akaenda chumba cha pili, akapiga magoti kwenye mkeka, akauchukua mkono wa mama mkwe wake na kuuweka tumboni.

Mtoto hakucheza. Walingoja wote wawili. Halafu akacheza.

Bi Mwanamvua hakuutoa mkono. "Tangu lini?"

"Kabla hajakwenda Msata."

"Ukanificha."

"Nilitaka nikamwone mama kwanza."

"Na kesho ungetoka."

"Ningetoka."

Mama mkwe aliutazama ule mkono wake muda mrefu. Kisha akaita, "Mize, hizo kanga zirudishe sandukuni. Hatoki mtu."

Shamsia aliinamisha kichwa. Miezi mingine, kuta zile zile. Machozi yalimdondokea mapajani, akayaacha.

"Na umpigie Twalha," Bi Mwanamvua aliendelea. "Amlete mama yake hapa."

Mize alisimama mlangoni. "Mama, mgonjwa wa kuogeshwa alale ukweni? Watu watasema..."

"Waseme."

Bi Ashura mwenyewe alikataa. Simuni sauti yake ilikuwa imepinda, lakini walimwelewa: hawezi kwenda kuvuliwa nguo nyumba aliyoozesha binti, afadhali afe kwake. Bi Mwanamvua akaitwaa simu.

"Dada, mjukuu wetu hawezi kuja huko. Njoo wewe."

Upande wa pili ikasikika pumzi, kama ya mtu anayeanza kulia.

Kesho yake bajaji ilisimama uchochoroni. Shamsia hakuweza kutoka kuipokea. Alikaa chumbani amejishika tumbo, akimsikia Mize akimgombeza Twalha: "Inua kichwa kwanza, we mtoto, huyu si gunia la mkaa." Wakamlaza Bi Ashura kwenye godoro lililotandikwa kando ya mswala. Alikuwa amekonda, mdomo umekwenda upande. Mkono wake mzima ulipapasa hewani mpaka ukampata binti yake shavuni.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado, mama."

Mize alileta uji akauweka chini, akatoka na kuurudisha mlango. Shamsia alichota kijiko, akakipuliza. Mama yake akafungua mdomo.